Pumzi ya Pikipiki

Katika Buguruni, upande wa mji wa Dar es Salaam upatikanao kwa njia itokayo Kariakoo na Ilala, ngurumo za pikipiki husikika tangu alfajiri hata usiku wa manane. Jina lenyewe la chombo hiki latokana na mlio wake: piki-piki-piki. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa chombo hicho, kama mtu na kama ng'ombe, hakiwezi kufanya kazi pasipo kuvuta pumzi. Mtu akizibwa pua na kinywa hufa kwa dakika chache; pikipiki ikizibwa njia ya hewa huzimika mara moja.

Katika somo hili tutajifunza njia ambayo hewa hupita mpaka ikafika ndani ya injini. Tena tutaona jinsi fundi azifunguavyo sehemu za njia hiyo, azisafishavyo, na kuzirudisha mahali pake. Tutasema habari za pikipiki za zamani, yaani zile zenye kabureta. Maana pikipiki nyingi mpya za siku hizi hupimiwa petroli na kompyuta ndogo, nazo zina taratibu nyingine.

1. Kwa nini injini yahitaji hewa

Washa mshumaa, kisha uufunike kwa bilauri. Baada ya kitambo kidogo mwali hufifia na kuzimika. Sababu yake ni kwamba moto hutumia oksijeni, ambayo ni kama sehemu moja katika tano za hewa, na ile iliyokuwa chini ya bilauri haitoshi tena. Petroli nayo ni vivyo hivyo: pasipo hewa haiwaki.

Injini ya namna tunayoisema hufanya mambo manne kwa zamu. Kwanza, pistoni hushuka na kuvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Pili, pistoni hupanda na kuikandamiza hewa ile. Tatu, plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hii ndiyo nguvu izungushayo gurudumu. Nne, pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Katika mambo hayo manne mhimili wa injini huzunguka mara mbili, na hewa huvutwa mara moja tu.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Pikipiki ya Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ina silinda yenye nafasi ya sentimita za ujazo 124. Ikiwa injini yazunguka mara 6,000 kwa dakika, huvuta hewa mara 3,000. Zidisha 124 kwa 3,000, utapata 372,000. Yaani lita 372. Basi kama silinda ingejaa sawasawa kila mara, injini ndogo namna hii ingemeza kwa dakika moja hewa ya kujaza mapipa mawili ya lita 200, kasoro kidogo tu. Kwa kweli silinda haijai kabisa, lakini hesabu hii yatosha kutuonyesha ya kuwa pikipiki hunywa hewa nyingi kuliko petroli. Kwa uzito, petroli kilo moja huhitaji hewa kilo 15 hivi ili iwake vizuri. Lita moja ya petroli huhitaji hewa zaidi ya lita 9,000.

2. Njia ya hewa

Kama vile hewa tuivutayo hupita puani na kooni kabla ya kufika mapafuni, hewa ya pikipiki nayo ina njia yake.

Kwanza kabisa ni sanduku la chujio, ambalo katika pikipiki nyingi hukaa chini ya kiti au nyuma ya kifuniko cha ubavuni. Ndani yake mna chujio la sponji au la karatasi, na kazi yake ni kama ile ya vinyweleo vya pua: kuzuia vumbi. Kutoka hapo hewa hupita katika mpira mnene uliofungwa kwa klipu, ikaingia katika kabureta. Kabureta ndiyo ichanganyayo hewa na petroli. Mwisho ni bomba fupi lililofungwa kwa bolti juu ya silinda, ambalo mafundi huliita inteki. Kati ya kabureta na bomba hilo aghalabu huwekwa kipande cheusi cha kuzuia joto, pamoja na gasketi au oringi, ili hewa isipenye ubavuni.

Kumbuka jambo hili: hewa yote yapaswa kuingia kwa mlango mmoja tu, nao ni chujio. Ikipata tundu jingine, hata dogo kama la sindano, ndipo matata huanza.

3. Kabureta hufanyaje kazi

Chukua bilauri ya maji na mrija mfupi. Usimamishe mrija majini, ncha yake ya juu ikiwa juu kidogo ya maji. Kisha kwa mrija mwingine puliza kwa nguvu, pumzi ipite sawasawa juu ya ncha ile. Utaona maji yanapanda katika mrija na kurushwa kama manyunyu. Bomba la mkono la kunyunyizia dawa ya mbu hufanya kazi kwa njia iyo hiyo.

Mwitalia mmoja, Giovanni Battista Venturi, alieleza mwaka 1797 habari za vitu vipitavyo katika bomba jembamba. Hewa ikipita mahali palipobanwa huenda mbio zaidi, na msukumo wake hupungua. Katika kabureta mna koo lililobanwa namna hiyo, na chini yake mna bakuli la petroli. Hewa ikipita mbio kooni, petroli hupanda katika kitundu chembamba cha shaba, kiitwacho jeti, ikanyunyizwa na kuchukuliwa hewani. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyizia petroli mwaka 1893, miaka minane baada ya yeye na Gottlieb Daimler kutengeneza chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli.

Katika bakuli mna boya. Petroli ikijaa, boya hupanda na kuifunga njia kwa sindano ndogo; petroli ikipungua, boya hushuka na njia hufunguka. Na ndani ya koo mna kizibo cha mviringo kipandacho na kushuka, kilichofungwa kwenye waya utokao katika kishikio cha mkono wa kuume, ambacho vijana hukiita resi. Mwendeshaji akikisokota, kizibo hupanda, koo hufunguka, na hewa nyingi pamoja na petroli nyingi huingia. Akikiachia, springi hukisukuma kizibo chini. Tutakitaja tena kizibo hiki, maana uhai wa mtu waweza kukitegemea.

4. Vumbi, adui wa injini

Mchanga una chembe ngumu kuliko chuma cha silinda. Chembe hizo zikichanganyika na oili huwa kama msasa: kila pistoni ipandapo na kushukapo, silinda na ringi huparuzwa. Mwendeshaji haoni kitu siku ya kwanza, wala juma la kwanza. Baadaye pikipiki huanza kutoa moshi wa buluu, oili hupungua, nguvu huisha mlimani, na mwenyewe huambiwa kwamba silinda imekwisha. Gharama ya kuitengeneza silinda ni kubwa kuliko kununua machujio mengi.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 kampuni ya BSA ya Birmingham, katika Uingereza, ilitengeneza pikipiki zaidi ya 120,000 za namna iitwayo M20 kwa ajili ya jeshi. Baadhi ya zile zilizopelekwa kwenye majangwa ya Afrika ya Kaskazini zilitiwa chujio kubwa juu ya tangi la petroli, mahali palipo mbali na vumbi la gurudumu, na bomba la mpira likashuka kutoka hapo mpaka kwenye kabureta. Injini isiyo na chujio haidumu jangwani.

Dar es Salaam si jangwa. Hata hivyo, njia nyingi za ndani katika Buguruni hazina lami, na wakati wa kiangazi kila gari lipitalo huacha wingu la vumbi nyuma yake. Pikipiki ipitayo hapo tangu asubuhi hata jioni hulivuta wingu lile.

5. Dalili za ugonjwa

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kupima. Fundi naye hutazama dalili kabla ya kushika spana.

Moshi ukiwa mweusi, na ncha ya plagi ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi hewa. Mara nyingi chujio limejaa vumbi, au choki imesahauliwa haikufunguliwa.

Plagi ikiwa nyeupe, injini ikapata joto mno, au resi ikapanda yenyewe bila kuguswa, hewa imezidi petroli. Aghalabu hewa yapenya mahali: mpira umepasuka, oringi imekauka, au bolti zimelegea. Fundi hupaka maji ya sabuni palipoungana. Mlio wa injini ukibadilika, tundu limepatikana. Kamwe hatumii petroli kwa kipimo hicho, kwa kuwa injini yenye joto yaweza kuiwasha.

Injini ikikubali kwenda ilhali choki imefungwa, lakini ikazimika mara ifunguliwapo, huenda jeti ndogo imezibwa. Petroli ikimwagika chini ya kabureta, boya limetoboka au uchafu umekaa katika sindano yake.

Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu huonyesha kwamba mchanganyiko ni mwema.

6. Kufungua

Kwanza injini iachwe ipoe, na kazi ifanyike penye hewa wazi, mbali na jiko, sigara na taa ya moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana, ukaufuata moto ulio mbali. Mchanga katika ndoo uwe karibu.

Pili, ufutwe uchafu wote wa nje, usije ukaanguka ndani.

Tatu, koki ya petroli ifungwe, na mpira wa petroli uvutwe taratibu. Petroli iliyo katika bakuli imwagwe katika chombo cha chuma kwa kulegeza skrubu ya chini.

Nne, kifuniko cha ubavuni kiondolewe na chujio litolewe.

Tano, klipu ya mpira ilegezwe, kisha kifuniko cha juu cha kabureta kifunguliwe kwa mkono. Kizibo na sindano yake ndefu vitatoka pamoja na springi. Fundi huvifunga kwa tambara safi na kuviinua mahali visipogongwa, kwa kuwa sindano ikipinda haifai tena.

Sita, bolti mbili za kabureta zilegezwe kwa zamu, huku kidogo na huku kidogo. Kabureta ikisha kutoka, tundu la inteki lizibwe upesi kwa tambara safi. Nati moja ikidondoka humo, huenda ikawa lazima kuifungua injini.

Fundi mwenye akili huviweka vitu vyake katika sinia kwa taratibu alivyovitoa, kuanzia kushoto kwenda kulia. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, huifunga kwanza kwa upole huku akihesabu mizunguko, na hesabu hiyo huiandika. Bahati haina daftari, fundi analo.

7. Kusafisha

Chujio la sponji huoshwa kwa maji na sabuni au kwa mafuta ya taa, likakamuliwa kwa kubonyezwa. Lisisokotwe kama nguo, maana litapasuka. Likikauka hutiwa oili safi kidogo na kubonyezwa tena, kwa sababu oili hunasa vumbi. Chujio la karatasi halioshwi. Hupulizwa kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, na likichoka hubadilishwa.

Jeti husafishwa kwa upepo wa kompresa au kwa unywele mgumu wa burashi. Asitumie mtu waya wa chuma, kwa kuwa shaba ni laini, na kitundu kikipanuka petroli itazidi milele. Wala asiipulize jeti kwa kinywa, wala asivute petroli kwa kinywa katika mpira. Petroli ikiingia mapafuni huleta ugonjwa mkubwa, hata kifo.

Uso wa kabureta ulalao juu ya inteki huchunguzwa kwa kuulaza juu ya kioo. Ukiwa umepinda, hewa itapenya hata kwa oringi mpya. Fundi huweka msasa laini juu ya kioo, akausugua uso ule kwa duara mpaka uwe sawasawa.

8. Kurudisha

Kurudisha ni kufungua kulikogeuzwa: cha mwisho kutoka huwa cha kwanza kuingia. Bolti hukazwa kwa zamu, wala si kwa nguvu zote za mkono.

Hapa yatupasa kuangalia kile kizibo. Kina mfuo ubavuni, na mfuo huo lazima ukutane na ncha iliyomo ndani ya kabureta. Sehemu yake iliyokatwa hutazama upande wa chujio. Kikiingizwa kwa nguvu upande usio wake, hukwama juu. Resi haitarudi, na pikipiki itakimbia mwendeshaji asiweze kuizuia. Katika njia yenye watu wengi, mathalani karibu na soko la Buguruni, kosa la namna hiyo laweza kumwua mtu aliyekuja kununua mboga.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha injini, fundi husokota resi mpaka mwisho na kuiachia. Lazima asikie kizibo kikigonga chini: ta! Huigeuza usukani kushoto na kujaribu tena, kisha kulia na kujaribu tena. Asiposikia mlio ule mara zote tatu, hawashi.

9. Mazungumzo ya fundi na kijana

Tufanye kwamba kijana mmoja, mwendeshaji wa bodaboda, amefika kwa fundi mzee.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki ina nini?"

"Haina ugonjwa, mzee wangu. Nataka unitolee chujio ulitupe. Wenzangu wasema pikipiki isiyo na chujio hupata nguvu na mlio mzuri."

"Mlio utaupata. Pikipiki hii ni yako?"

"Si yangu, mzee. Nampelekea mwenyewe hesabu kila siku. Mkataba ukiisha ndipo itakuwa yangu."

"Basi nisikilize. Jeti za kabureta hii zilipimwa pamoja na chujio lake. Ukiliondoa, hewa itazidi na injini itachemka. Na vumbi lile uonalo barabarani litaingia katika silinda. Siku mkataba utakapokwisha, utapewa pikipiki iliyokwisha nayo. Utakuwa umelipa miezi yote ile ili ununue chuma chakavu."

Kijana akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini ni kweli, fundi, kwamba sasa haina nguvu."

Fundi akalitoa chujio, akalipiga kidogo kwa kiganja. Vumbi jekundu likamwagika hata likafunika kidole cha mguu wake. "Nguvu zako hizi hapa," akasema. "Kaa kitako, nikuonyeshe kuliosha, ili mara nyingine ulioshe mwenyewe nyumbani."

Katika mazungumzo hayo twaona tofauti kati ya fundi na mtu mwenye spana. Mwenye spana hufanya aambiwalo, akapokea fedha. Fundi hujua kila kitu kimewekwa kwa sababu gani, na kwa hiyo aweza kukataa.

Wahenga walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa pikipiki ni mpira uliopasuka na chujio lililosahauliwa. Ukuta wake ni silinda mpya. Basi wewe mwanafunzi, hata kama hutakuwa fundi, jifunze kuuliza juu ya kila kitu kidogo kabla ya kukitupa: kiliwekwa hapa kufanya kazi gani?

Maswali

1. Kwa nini mshumaa uliofunikwa kwa bilauri huzimika?
2. Taja kwa taratibu sehemu ambazo hewa hupita kabla ya kufika katika silinda.
3. Eleza jinsi petroli ipandavyo kutoka katika bakuli la kabureta.
4. Plagi nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha nini? Na plagi nyeupe?
5. Kwa nini tundu la inteki huzibwa kwa tambara?
6. Fundi hufanya nini ili ajue kwamba kizibo kimeingia sawasawa?
7. Kijana yule angepata hasara gani kama fundi angalikubali kulitupa chujio?
8. Hesabu: Injini yenye silinda ya sentimita za ujazo 100 yazunguka mara 4,000 kwa dakika. Ikiwa silinda hujaa sawasawa, huvuta lita ngapi za hewa kwa dakika moja?
9. Andika habari ya kitu kidogo kimoja cha nyumbani kwenu ambacho kikiondolewa huharibu kazi kubwa.